Mtungi wa Mjomba Mwishehe

Mboni ni fundi wa maabara katika chuo kimoja hapa Kibaha, na ni jirani yangu Tangini. Mimi nampenda, lakini ana haya nyingi mno, na haya hizo zimeniudhi tangu kisa hiki kitokee.

Kwao ni Maneromango, na huko ndiko alikotoa kokwa za fenesi. Ndani ya kokwa kuna protini ambayo, ukiitengeneza kwa subira, hujikusanya ikawa fuwele, chembe zinazong'aa mfano wa chumvi ya mawe. Wataalamu wa ng'ambo walikubali kuzipiga fuwele zake eksirei kali ili umbo la protini hiyo lionekane. Sharti lao lilikuwa moja: zifike zikiwa zimepozwa ghafla ndani ya naitrojeni ya maji, hewa iliyogeuzwa kimiminika chenye baridi kupita barafu, pasiwe na barafu hata chembe. Barafu ikijipenyeza, fuwele huharibika na kazi yote imekwenda na maji.

Chuoni hakuna aliyewahi kufanya kitu hicho. Basi Mboni akajifunza mwenyewe mtandaoni, kwa masomo yanayotolewa bure. Wenzake wakienda kula, yeye alibaki na simu, akimrudisha nyuma Mzungu mmoja mwenye ndevu aliyekuwa akiongea kama anafukuzwa. Akajua kutia gliserini kidogo, kuinasa fuwele kwenye kitanzi cha uzi mwembamba, kisha kuitumbukiza bila kusita. Tatizo ni kwamba yule wa kwenye video alikuwa na naitrojeni ya kumwaga, na Mboni hakuwa nayo hata tone.

Aliyekuwa nayo ni mjomba wake, mzee Mwishehe wa Visiga, anayepandisha ng'ombe kwa mrija. Mbegu za madume huzihifadhi ndani ya mtungi wa naitrojeni, na mtungi huo ndio uliomlisha miaka yote. Ukikauka, mbegu zimekufa na jina lake limekufa nazo. Mboni alilijua hilo vizuri.

"Shikamoo, mjomba. Naomba naitrojeni kidogo ya mazoezi. Lakini ipo ya kutosha?"

"Marahaba, mama. Ipo tele, wewe chota tu."

Huyo mzee, hata sufuria ingekuwa imebaki ukoko, angekwambia chakula kipo, karibu. Mboni alipaswa kulijua hilo kuliko mtu yeyote. Lakini alilichukua jibu lile kama kipimo, wala hakutumbukiza kijiti kuangalia kimo. Akachota, akaharibu, akarudi kuchota. Kila mara alipouliza, mjomba alimjibu vilevile.

Hatimaye mkono ulikubali. Fuwele zikatoka safi kama kioo, naye akapiga vigelegele peke yake maabara. Akaomba azihifadhi mtungini kwa mjomba mpaka chombo cha kuzisafirishia kifike. Mjomba akafurahi kupewa amana hiyo.

Siku alipokwenda kuziangalia, alifungua kifuniko na hakuna moshi uliopanda. Kijiti alichotumbukiza kilitoka kikavu, hakina ukungu mweupe. Fuwele zilikuwa zimeharibika, na mbegu zimekufa, kwa sababu kilichokwisha kupata joto humo hakirudi tena, hata ukikipoza upya. Wakati huohuo mjomba aliingia na naitrojeni mpya kutoka Dar, akaimimina ndani kwa furaha.

"Leo utachota mpaka ukinai!"

Mboni akanyamaza. Kumwambia mzee kwamba mtungi ulikauka kungekuwa kumwambia alidanganya. Akajipa moyo kwamba mjomba ameona mwenyewe. Mjomba hakuona chochote, alidhani imepungua tu kama kawaida. Na mbegu iliyokufa, ikiwa ndani ya mrija, haina tofauti na iliyo hai.

Visiga hapo yupo Marselina, mjane aliyehamia kutoka bara, mwenye ng'ombe mmoja tu. Ng'ombe alipandishwa, akarudi kwenye joto, yaani kutaka dume tena. Akapandishwa tena na tena, hakushika mimba. Watu wakaanza kusema mkono wa Mwishehe umeisha. Mimi ndiye niliyempelekea Mboni umbea huo, tena nikicheka. Alichukua mtandio wake akatoka, nami nikamfuata.

Alimkuta mjomba uani, akamweleza yote huku analia.

"Ulijua lini?" mzee akauliza.

"Siku ile ulipoleta naitrojeni."

"Na hukuniambia?"

"Niliona haya, mjomba."

"Na mimi niliona haya kukwambia imebaki kidogo." Mzee alivua kofia yake, akaishika mapajani. "Juzi Marselina aliniuliza kama ng'ombe wake ni tasa. Nikamwambia ndiyo, amuuze kwa wenye bucha. Wamemchinja leo asubuhi."