Lita Kumi na Nne za Kobe

Taa nyekundu bado iko mbali, lakini dereva wa gari la mikate ameshaondoa mguu kwenye mafuta. Gari linajiendea taratibu. Nyuma wanapiga honi, mmoja anamtukana kabisa. Yeye wala! Anapofika, taa imegeuka kijani, anapita bila kugusa breki.

"Kila ukikanyaga breki umetupa mafuta uliyokwisha kuyachoma," ananiambia, nimekaa pembeni yake na daftari. "Mimi naangalia mbele, basi."

Kwa mwendo huu wenzake walimbatiza Kobe. Yuko kazini mwaka wa kumi na tisa. Haondoki kwa kishindo, anabadilisha gia kabla injini haijaanza kulia, tairi anazipima upepo kila Jumatatu, na akisimama kushusha mikate anazima gari. Mzigo usio na kazi haubebi. Ni hayo tu, hana mganga.

Hapo awali kila gari lilipewa lita ishirini kwa siku. Kobe alitumia kumi na nne. Tajiri mwenye kiwanda cha mikate akamsifia mbele ya madereva wote, naye akarudi nyumbani anatabasamu. Wiki iliyofuata magari yote yakapewa kumi na nne, na atakayezidisha anakatwa mshahara.

"Kama Kobe anaweza, nyie mnashindwa nini?" tajiri aliwauliza.

Jamani, njia ya Kobe ni tambarare! Ya shemeji yake, kaka wa mkewe, ilipanda na kushuka mlima kutwa. Kobe mwenyewe ndiye aliyemtafutia kazi hiyo. Shemeji alijibana weee, mwisho akaanza kuzima injini kwenye mteremko ili gari lishuke bure.

"Nilimwambia, shem, ukizima injini breki inakuwa ngumu kama jiwe. Iache ikiwaka, kwenye gia, ondoa mguu kwenye mafuta, gari litashuka bila kula kitu. Akanijibu, 'Umeshatuponza, sasa unatufundisha?'" Kobe anasema.

Mwezi uliopita shemeji alikanyaga breki, ikagoma. Gari likaingia kwenye ukuta wa ghala. Alivunjika miguu yote miwili.

Sasa amelala sebuleni kwa Kobe, godoro limesogezwa chini ya dirisha. Madaktari hawajasema kama atatembea tena. Mke wa Kobe anampakulia mumewe chakula, anakiweka mezani, anaondoka. Tangu ajali hajamsemesha.

"Karibu, mwandishi," shemeji ananiambia. "Andika kwamba siku hizi natumia lita sifuri. Tajiri atanipandisha cheo."

Anacheka peke yake. Kobe anatoka nje, nami namfuata. Amekaa kwenye ngazi, anajifuta macho kwa kiganja.

"Nilidhani kuendesha vizuri hakumdhuru mtu," anasema.

Kazini hakuna anayeitikia salamu yake. Alimwendea tajiri kuomba lita zirudi ishirini. Jibu lilikuwa fupi: maadamu kumi na nne zinamtosha yeye, zitawatosha wote. Njia ya mlimani amepewa dereva mwingine, baba wa watoto watatu. Juzi Kobe alisimama chini ya mteremko akaliona gari lile likimpita kimya, injini imezimwa. Alipiga kelele, hakusikika.

Kwa hiyo kesho Kobe ataendesha vibaya. Anaitamka mipango yake kwa aibu, utadhani anakiri wizi: ataondoka kwa kishindo, atafukuzana na taa, atafunga breki za ghafla, ataacha injini ikinguruma kwenye kila duka. Kumi na nne zikiisha katikati ya njia, atampigia tajiri simu aje aone mikate yake ilivyokwama.

Namuuliza, akifukuzwa je, na mgonjwa yuko ndani?

Sebuleni shemeji anamwita dada yake amgeuze.

"Anifukuze," Kobe anasema. "Ila yule wa mlimani ateremke injini ikiwaka."