Magari Yasiyougua

Siku yangu ya kwanza garajini, shefu wa garaji alinipa salopeti, nguo ya kazi iliyonibana kwapani, na somo moja: "Weye, sikiliza gari. Shofere usimusikilize, iko na woga ya kazi yake." Nilidhani ni dharau. Haikuwa.

Shirika letu hapa Bukavu lilipeleka dawa Katana, Mumosho na Kamituga. Mashofere walipewa kontra fupi fupi, mikataba ya muda mdogo tu, na aliyerudi na gari bovu hakuongezewa nyingine. Basi magari yetu hayakuugua kamwe! Shofere aliegesha, akasema "iko bien," yaani nzima, akaenda zake. Mimi nikajilaza chini kutafuta alichokificha. Mara nyingi nilikuta plaketi, vile vibao vya freni vinavyobana gurudumu lisimame, zimeisha hadi chuma kinasaga chuma. Na mtu ametoka na gari hilo milima ya Kamituga, na abiria ndani. Nilikasirika, lakini kumsema ni kumfukuzisha kazi. Nilitengeneza kimya kimya.

Kisha akaja shefu mpya wa magari yote, mama mmoja mkavu wa maneno. Alitukusanya uani. "Mwenye kusema gari yake iko mubaya, kontra yake haitaguswa." Mashofere wakarudi kwenye magari yao. Maneno matamu tulishayazoea.

Haukupita muda, Papa Bahati, shofere ambaye kontra yake ilikuwa inaisha na mkewe ametoka kujifungua, alipasua karteri kwa kugonga jiwe njiani. Hiyo ni sahani ya chini inayobeba mafuta ya injini. Alinivuta pembeni.

"Papa mufundi, paka ile kole yako tu. Nisaidie."

"Nikipaka gundi hiyo, mafuta yatavuja, injini itakufia njiani kule Mwenga."

Alifuta jasho, akaenda ofisini mwenyewe. Sote tuliacha kazi tukatazama mlango.

Walitoka pamoja.

"Ilipasuka namna gani?" mama akauliza mbele yetu.

"Nilikuwa nakimbiza, Maman. Kosa iko yangu."

"Sawa. Leo utasaidia mufundi kubadilisha. Kesho kuja kusaini kontra yako."

Asubuhi iliyofuata uani hapakuwa na pa kukanyaga. Huyu freni, yule usukani, mwingine kaleta redio yake tu. Magari yote yaliugua siku moja! Nilicheka hadi nikakaa chini.

Sasa niko retreti, nimestaafu, magoti yamekataa. Vijana wakiniuliza garaji ipi ni nzuri, siwatumi kutazama vyombo vya kazi. Wasimame getini magari yanaporudi, wasikilize mashofere. Wakisikia kila gari "iko bien," watafute kazi kwingine.