Mto Mmoja, Zamu Mbili

Saa nne asubuhi wageni wameshamaliza chai na kutawanyika vichochoroni na kamera zao. Mama Shuka anaingia chumba cha juu, kile chenye dirisha linalotazama mnara wa saa. Anakung'uta shuka mara moja tu, nayo inatua mahali pake. Anazunguka kitanda, anakunja pembe, anapitisha kiganja kulainisha mikunjo. Haketi.

"Kitanda cha mgeni hakikaliwi," anasema huku akichomeka pembe ya mwisho chini ya godoro. "Goti likiuma, unaegemea ukuta. Nilifundishwa hivyo siku ya kwanza."

Jina la Mama Shuka amepewa na wenzake kazini, naye halikatai. Ni mhudumu wa vyumba katika nyumba ya wageni ya ghorofa tatu, ndani ya mji mkongwe ambao watu husafiri kutoka mbali kuja kuutembelea. Wanaingia Ijumaa, wanapiga picha malango na makuta, na Jumapili wanaondoka. Kwa miaka kumi na tisa amewatandikia maharusi, wazee waliostaafu, na wengine waliokuja wamenuniana.

"Hao nawajua kwa mito," anasema na kucheka. "Siku ya kwanza mmoja uko huku, mwingine kule, utadhani wamepigana. Siku ya pili nikikuta imesogeleana, najua yamekwisha."

Yeye mwenyewe hana wikendi. Wageni wanapopumzika ndipo yeye anapokimbia ngazi. Na hata angeipata, angepumzika na nani? Mume wake ni mlinzi wa usiku wa makumbusho, mtaa wa pili tu kutoka hapo. Anaingia kazini jua linapozama na kurudi nyumbani alfajiri, mkewe akijifunga kitambaa kichwani tayari kuondoka.

"Tunakutana mlangoni," anasema Mama Shuka. "Yeye anavua viatu, mimi navaa. Ananiuliza nimelalaje, namuuliza usiku umekuwaje, kwaheri. Nikirudi alasiri, ameshaamka na anajiandaa kutoka."

Majirani wanamwita mzee huyo Popo. Hakasiriki. Anasema popo angalau hulala na mkewe.

Binti yao wa pekee, ambaye sasa ana duka la simu na nyumba yake, hulieleza jambo hilo kwa maneno machache. "Mimi nimelelewa kwa zamu," anasema. "Asubuhi baba, jioni mama. Mapenzi sikupungukiwa, ila kuwaona wote wawili pamoja ilikuwa mpaka mtu augue."

Nyumbani kwao, vyumba viwili nje ya mji mkongwe, kuna kitanda kimoja, na godoro lake lina bonde moja, katikati kabisa. Kila mmoja hulala peke yake, na anayelala peke yake hujitupa katikati. Mto nao ni mmoja. Hawajawahi kuhitaji wa pili.

Yangeweza kuendelea hivyo, lakini mwisho wa mwaka huu Popo anastaafu. Usiku atakuwa nyumbani. Kila mtu anampongeza Mama Shuka, naye anaitikia kwa tabasamu, kisha anarudi ndani na hofu yake.

"Naogopa," anasema waziwazi, mikono ikiwa bado juu ya shuka. "Watu wanasema sasa utapata mume. Je, kama hatuwezi? Nampenda mzee wangu, lakini sijui akilala usiku anakuwaje. Yeye hajui mimi nalala upande gani. Mimi mwenyewe sijui."

Ndipo alipopata wazo la kufanya kama wafanyavyo wageni. Mvua zilipoanza na wageni wakapungua, aliomba ruhusa ya siku mbili, mumewe akaomba ya kwake. Mwenye nyumba ya wageni anakofanya kazi, kwa wema wake, aliwapa chumba cha bure palepale. Mama Shuka alishukuru akakataa. Alisema akilala pale atasikia kengele ya mapokezi hata usingizini.

Binti yao akawalipia chumba katika nyumba nyingine, upande wa pili wa mji mkongwe. Usiku mmoja pale ni karibu nusu ya mshahara wa mama yake wa mwezi, na bei hiyo hakuitaja mpaka walipokuwa wameshafungasha.

Walifika Ijumaa jioni, wamevaa nguo zao nzuri, begi moja dogo kati yao. Chumba kilikuwa safi, na kitanda kimekaa katikati kama mgeni rasmi. Basi wakasimama, wakakitazama.

"Mimi siketi kitandani, mazoea," anasimulia Mama Shuka. "Yeye anatafuta kiti cha kuweka karibu na mlango, mazoea. Nikamwambia, mzee, tumekuja kulinda au kulala?"

Walipozima taa, kila mmoja alimwachia mwenzake katikati. Mama Shuka akabana ukingo huu, Popo akabana ule, pale kati pakabaki pa kulala mtu wa tatu mwenye kitambi. Usiku haujafika mbali, mzee akanyanyuka polepole, akaenda kukaa kwenye kiti chake mlangoni. Mkewe aliyasikia yote. Alijifanya amelala, na anakiri machozi yalimtoka kidogo.

Mganga hajigangi. Aliyelaza maelfu ya wageni alishindwa kumlaza mume wake mmoja.

Kulipopambazuka, bila kuwaza, akafanya alichozoea kufanya. Alitandua shuka, akatandika upya, akakaza pembe, akasugua bafu na kupanga taulo. Mhudumu wa nyumba ile, dada mdogo aliyeanza kazi karibuni, alifungua mlango na ndoo yake mkononi, akaganda.

"Mama," aliuliza kwa sauti ya chini, "jana nilikosea wapi?"

Mama Shuka alitamani ardhi ipasuke. Katika kazi yao, mgeni akitandua kitanda na kukitandika upya kwa pembe kali namna ile, amekwambia bila kufungua mdomo kwamba hujui kazi. Ilimbidi amshike mkono binti wa watu na kumweleza kuwa yeye ni mwenzake, kwamba kitanda chake hakikuwa na kasoro hata moja, kwamba ni mikono tu haijui kutulia.

Yule dada alicheka mpaka akaweka ndoo chini. Kisha akasema jambo ambalo Mama Shuka analirudia mpaka leo: "Basi ukija tena, mama, niachie kitanda kimevurugika. Nijue umepumzika."

Popo naye, kutoka kwenye kiti chake, akacheka. Mchana huo walitembea. Alimpeleka mkewe makumbusho, akamwonyesha vyumba anavyovilinda gizani. Mama Shuka alikuwa hajawahi kuingia. Walitoka wameshikana mikono, na mpiga picha mmoja wa mtaani akawadhani wageni, akawafuata akitaka kuwauzia picha. Waliinunua. Lakini usiku wa pili ukawa kama wa kwanza, na Jumapili wakarudi nyumbani na zamu zao.

Sasa wanapanga wikendi ya pili, nyumba ileile, mvua zijazo, kabla mzee hajastaafu. Mama Shuka anaiita mazoezi. Ameshaapa kwamba safari hii hagusi shuka. Kiti watakiomba kitolewe.

Ila juzi, pale mlangoni, akivua viatu, mumewe alimwambia kuwa atabeba mto wa nyumbani.

"Nikamuuliza, utaingiaje nyumba ya wageni umekumbatia mto? Kule iko minne." Anasimama, anaitazama mito miwili aliyoipanga sasa hivi. "Akaniambia kule hakulala kwa sababu ile mito haina harufu ya mafuta yangu ya nywele. Kumbe miaka yote hii akirudi analalia nilipoinuka mimi. Hakuwahi kuniambia."

Anaisogeza mito miwili ya wageni mpaka inagusana, anachukua ndoo yake na kuelekea mlangoni.

"Nimemwambia mto auache nyumbani," anasema. "Safari hii sitabana ukingoni. Nywele zenyewe zitakuwepo."