Bajaji Isiyonguruma

Mama mdogo Verdiana anaendesha bajaji ya umeme hapa Kilosa, na wanaume wa kituo cha sokoni wanataka kumfukuza. Kosa lake, wanasema, ni kwamba bajaji yake haipigi kelele. Kelele!

Kabla ya hapo alikaanga mihogo, moshi ukimla macho. Kaka yake, fundi wa Mikumi, akaitoa injini ya bajaji mbovu, akaweka mota na betri, akampa. Usiku tunaichomeka ukutani kama simu. Umeme ukikatika, kesho yake anakaa nyumbani, na hilo hamfichi mtu. Lakini haina moshi, wala haihitaji ile petroli ya chupa za maji inayouzwa pembeni ya majiko ya chipsi. Hiyo hakuna anayeilalamikia.

Aliyeanza ni Thadeo, mwenyekiti wa kituo.

"Mama, chombo gani hiki kinanyemelea kama chui? Utaua watu."

Anasema hivyo yeye, ambaye bajaji yake haisimami mpaka aburuze mguu chini!

Sikatai, njia ya Chanzuru ina ng'ombe. Wachungaji wakisikia injini huwasogeza pembeni, na ya mama mdogo hawaisikii. Siku moja, nikiwa nimepanda naye, alifunga breki nyuma ya kundi la mzee Sendeka. Hakugusa hata mkia.

"Umetokea wapi, mama? Ardhini?"

"Shikamoo mzee. Nisamehe, haina sauti."

"Marahaba. Basi nakupa sauti."

Akamvua dume wake kengele ya shingoni, nasi tukaifunga mbele ya bajaji kwa waya. Tulishukuru sana. Hakuna aliyefikiri, hata mzee mwenyewe, kwamba yule dume ndiye kiongozi wa kundi, na ng'ombe wote wamezoea kwenda inakolia kengele hiyo.

Kesho yake tukapita tena. Kundi zima likatufuata mbio, Sendeka nyuma na fimbo yake, mpaka kituoni. Ng'ombe mmoja akala mchicha wa Costancia, muuza mboga, mezani kwake.

"Leo kaleta abiria wa miguu minne!" Thadeo akapiga kelele, wenzake wakacheka mpaka wakashika matumbo. Halafu akakunja uso. "Imetosha. Toka hapa. Kaegeshe kule jalalani."

Sendeka alikuwa bado anahema. "Ng'ombe wangu, kengele yangu. Huyu mama mnamfukuzia nini?"

Thadeo akanyoosha tena kidole jalalani. Kila siku redioni tunaambiwa soko huria, kila mtu afanye biashara yake. Huria ya nani? Ya Thadeo peke yake?

Mama mdogo hakubishana. Aliisukuma bajaji hadi kwenye maganda ya ndizi na nzi, akafungua kengele akamrudishia mzee. Mimi nilitaka kurusha jiwe.

Ndipo akatoka kliniki Regina, mjamzito, anarudi Chanzuru.

"Dada, panda hapa, tunaondoka!" Thadeo akamwita, akingurumisha injini makusudi. Moshi ukamfikia Regina usoni. Akaziba pua, akampita, akavuka hadi jalalani.

"Unaacha kituo unafuata uchafu?"

"Uchafu wa hapa tunauacha hapa," Regina akajibu huku anapanda. "Huo wako ningesafiri nao."

"Kwenye kona piga honi, mama," mzee Sendeka akasema.

Mama mdogo akaanzia palepale. Alimpita Thadeo taratibu kabisa, kidole hakikutoka kwenye honi.