Nilitengeneza napkin 200 za harusi ya mdogo wangu hapa Texas, wageni wakagoma kujifutia

Wakuu heshima yenu. Nyie wa humu mnaopenda kuuliza picha iko wapi, picha sina. Nina yaliyonikuta, na sitapunguza hata yale ya kunitia aibu.

Mimi naishi Garland, mama wa mtoto mmoja, elimu yangu form four. Kazi yangu ni ya warehouse. Kwenye mambo ya design sina cheti wala nini.

Mwaka 2018 mdogo wangu Upendo alikuwa anaolewa Houston, ukumbi uko Stafford, pembeni ya mji. Kamati ikafungua group la WhatsApp. Katibu alikuwa Stella, dada wa bwana harusi.

Nikaandika kwenye group kwamba napkin za mezani nitatengeneza mwenyewe nyumbani, ziwe na majina ya maharusi. Nilikuwa nimeona video ya mama mmoja wa kizungu anaprint kwenye printer ya kawaida, anacheka tu.

Stella akajibu: "Dada, hii ni harusi, sio homework ya daycare. Tu-order, wa Garland mpumzike."

Watu wakaweka vile vikatuni vya kucheka. Na mdogo wangu yumo humo anasoma!

Damu ilinichemka wakuu. Nikaandika: "Naleta mia mbili. Zikiaibisha harusi, nashika mic mbele ya ukumbi mzima naomba msamaha."

Ndio hivyo, nikawa nimejifunga.

Sasa kazi. Napkin ni karatasi laini, ukiiingiza peke yake printer inaitafuna. Yule mama wa video anatumia karatasi ya kufungia nyama ya freezer, ile yenye upande wa plastiki unaong'aa. Unaweka napkin upande huo, unapitisha pasi, zinashikana. Unakata saizi ya karatasi ya kawaida, unaprint, unabandua taratibu.

Tatu za kwanza zilichanika. Ya nne ikatoka "Upendo & Gilbert" kwa blue, kwenye kona, safi kabisa. Nilikaa naiangalia kama mtoto mchanga.

Nikaprint arobaini siku hiyo.

Mume wangu akarudi kazini, akanawa mikono ale ugali, akachukua napkin moja ajikaushe. Vidole vikawa blue vyote.

Binti yangu akasema, "Daddy, you're dirty."

Baba mtu akanyoosha mkono: "Mke wangu, shemeji ameolewa kwenye kiganja changu."

Mimi sikucheka. Hapo ndipo nilipoelewa. Yule mama wa video wageni wake wanakula kwa uma, mikono mikavu. Sisi mezani panapita jagi na beseni, mtu ananawa, halafu anatafuta kitu cha kujikausha. Shangazi yetu alishasema kwenye kamati kwamba kunawishana ni lazima hata kama tuko Marekani.

Nikaanza uchunguzi. Pasi ya moto sana: wino unatoka. Siki: unatoka, na inanuka kachumbari. Hairspray: haukutoka sana, lakini mume wangu akauliza kama nataka kuwalisha watu hairspray. Nikaitupa.

Kazini nikamsimulia Mama Espé, Mkongo tunayefunga naye maboksi. Akanishangaa. "Ile wino yako ni maji tu! Kwa kanisa yetu tunaprintaka na machine ya poudre. Ile haitokaka."

Kumbe printer kubwa za ofisini hazina wino wa maji. Zina unga, na ndani kuna joto linauyeyusha ushikane na karatasi. Miaka yote naona photocopy na sikuwahi kujiuliza kwa nini inatoka ya moto!

Mchungaji wake akaturuhusu kutumia machine ya kanisa. Nilipotoa ile karatasi ya nyama, Mama Espé alipiga kelele: "Mama! Hiyo plastique itayeyuka, utaua machine ya Mungu!"

Basi tukatumia karatasi ya kawaida, napkin tunaibandika ukingo mmoja kwa gundi ya shule ya watoto. Moja moja. Jumamosi mbili. Nikaloweka moja kwenye bakuli la maji nusu saa. Majina hayakusogea.

Tukaendesha mpaka Houston, boksi nimelipakata mimi.

Siku ya harusi nikazipanga mwenyewe. Jagi likaanza kupita. Mimi nimesimama karibu na jikoni, naangalia.

Watu wakanawa, wakakung'uta mikono hewani, wakajifuta kwenye kitambaa cha meza. Pilau likaliwa kwa mikono, na mafuta wakayapaka humo humo. Napkin zangu hakuna anayegusa! Wengine wanazikunja vizuri wanatia kwenye pochi.

Nikamfuata shangazi. Akanitazama kama nimemtukana. "We mtoto, nijifutie mafuta ya pilau kwa jina la mwanangu siku ya ndoa yake? Kweli?"

Mia mbili, wakuu. Kwenye maji zimepita. Hilo la jina sikuwahi kuliwaza.

Stella huyo akaja na mic mkononi. "Dada, vitambaa vya ukumbi vimekuwa vya njano. Ule msamaha upo?"

Nikaipokea. Kiburi ninacho, ila niliahidi.

Sijafungua mdomo, Upendo akasimama pale high table na shela lake. Akachukua napkin, akaiinua ukumbi wote uone, akajifuta mdomo, lipstick na mafuta. Akasema kwa sauti, bila mic: "Shangazi, jina ni langu, na nimeruhusu. Dada yangu hakuzitengeneza mkazifungie kabatini. Jifuteni!"

Ukumbi ulipasuka kwa kicheko. Shangazi akawa wa pili kujifuta, tena alianzia kwenye pua.

Nikamrudishia Stella mic yake.

Nilichojifunza: mafundisho ya video yajaribu kwa mikono ya watu wako kabla hujaprint mia mbili. Na kila meza weka tishu nyeupe za kujikaushia, zenye majina ziwe za ziada.

Ile aliyojifutia Upendo ninayo mpaka leo. Ina doa la pilau, na majina yanasomeka.

Sasa nyie niambieni ukweli: ungeikuta mezani kwako ina jina la bibi harusi, ungejifuta au ungetia mfukoni? Stella kama umo humu, changia na wewe.