Asilimia Saluni

Jumatatu asubuhi, katika saluni moja ya Hillbrow, mtaa wa wahamiaji kusini mwa Afrika, televisheni ilikuwa ikirudia mechi ya mpira wa Kimarekani, ule wa kubeba mkononi na kuvaa helmeti. Kwao theluji ilidondoka polepole. Kwetu jua lilijaa dirishani na harufu ya mafuta ya nazi ilitusinzisha. Nilikuwa nasubiri zamu yangu.

Mama wa Kitanzania aliyekuwa kitini aliagiza msuko wa twende kilioni, ile mistari michache ya kulala nyuma. "Kesho napasuliwa," alisema. "Sina haja ya urembo."

Kwenye kona ya skrini, asilimia ya timu ya buluu kushinda ilizidi kushuka. Msusi, Mkongo, akaguna. "Bale ba buluu bamekwisha, mama."

"Hizo asilimia wanazitoa wapi?" mama akaniuliza.

Nikajifanya mtaalamu. Nikamwambia kompyuta imemeza maelfu ya mechi za zamani. Inatafuta zile zilizofika hali kama hii, kisha inahesabu katika ngapi timu iliyokuwa nyuma ilishinda.

"Kwa hiyo hii yenyewe haimo?"

"Haimo. Hii bado inachezwa."

Akatazama theluji. Kisha akainua mkono, akaushika wa msusi.

"Daktari naye alinipa asilimia," alisema. "Kumbe mimi sikuhesabiwa."

Wenye takwimu mtanisamehe: mechi ile ilikwisha jana yake, na matokeo yalikuwa kwenye simu yangu. Niliifunika mapajani.

"Fumua," mama akamwambia msusi. "Nisuke rasta ndogondogo, zile za kukaa miezi."