Mifuko Iliyorudi kwa Wenyewe

Mkaguzi hakuzunguka mbuyu. "Moshi wa tanuri lenu la taka unaingia wodi ya wazazi. Nikirudi baada ya mwezi mkiwa hamjapunguza mnachochoma hadi nusu, naifunga wodi."

Wote walishtuka, lakini mfagizi aliyekuwa akipiga deki mlangoni alishtuka kuliko wote. Binti yake alikuwa na mimba ya miezi minane. Uzazi wa kwanza alimpoteza mtoto njiani, wakikimbilia hospitali ya mjini, saa nne za barabara mbovu.

Mganga mkuu akasema wataomba tanuri jipya. Tanuri jipya! Hospitali iliyosubiri magodoro miaka mitatu!

"Daktari, tanuri halina kosa," mfagizi akasema. "Mnachanganya. Maboksi, maganda, chupa za maji, vyote mnatupa kwenye ndoo ya sindano na damu kwa kuwa ndiyo iliyo karibu. Vikishachanganyika, vyote ni vya kuchoma."

Wakacheka. Haya, chekeni.

Kesho yake alichana shuka kuukuu za rangi mbalimbali, kila chumba akakipa utepe wake wa kufungia mifuko. Mfuko uliochanganywa haukufika tanurini. Aliutia kwenye ndoo yenye mfuniko, akaurudisha mlangoni kwa wenyewe, wagonjwa wakitazama. "Mmesahau mzigo wenu, wanangu," alisema kwa adabu, na adabu hiyo ndiyo iliyouma. Wauguzi walinuna wiki nzima, wakambandika jina Bibi Utepe.

Siku ya nane ukatokea mfuko wenye utepe mweupe. Muuguzi mkuu akamshika mkono. "Dada, huo ni wa bosi. Utafukuzwa."

Kazi aliihitaji, asikudanganye mtu. Lakini mchelea mwana kulia hulia yeye. Akaingia nao kwenye kikao cha asubuhi, akaiweka ndoo miguuni pa mganga mkuu na kufunua: magazeti, maganda ya ndizi, na juu yake sindano.

Daktari akacheka mpaka akafuta macho. "Kweli nyani haoni kundule! Kuanzia leo, atakayerudishiwa mfuko atasimama hapa ajieleze. Naanza mimi."

Nani alitaka aibu hiyo? Maboksi yakaenda kwa mnunuzi wa makaratasi, chupa kwa mwenye duka, maganda kwenye shimo la mbolea. Tanuri la kila siku likawa linawashwa mara mbili kwa wiki.

Mkaguzi aliporudi alipima mifuko, akapima tena, akazunguka nyuma ya majengo akitafuta iliyofichwa. Hakuambulia hata mmoja. "Imebaki chini ya theluthi," akakiri. "Huyo mtaalamu wenu mmemtoa wapi? Niitieni nimpe mkono."

Weee! Mtaalamu hakuwa na nafasi. Binti yake alikuwa ameshikwa na uchungu tangu alfajiri, na mkaguzi alipokuwa akitia sahihi, ndani ya wodi ile ile aliyotaka kuifunga mtoto wa kike alilia kwa hasira zote za duniani. Bibi Utepe akapiga kigelegele cha kutikisa mabati. Muuguzi mkuu, ambaye hata kikohozi hukikemea, akakipokea kigelegele hicho.